Neno Linalotangulia Aina

Ndugu zangu, walimu wangu, na wadogo zangu mliobanana kwenye madawati ya nyuma, habari za asubuhi. Nashukuru sana kwa kunialika. Kabla sijaanza, naomba niweke kitu hapa mezani. Hii ni simu ya mdogo wangu, ya zamani kidogo, kioo kimepata ufa kwenye pembe. Nimefungua ukurasa wenye bahari na jahazi. Mnaona: jahazi linanesa, maji yanameremeta. Nimeiwekea kioo kisizime. Naiacha hapo hapo iendelee, nasi tuzungumze. Tutairudia.

Ukurasa huu niliutengeneza mimi, kwa ajili ya somo la watoto kuhusu pepo za kaskazi na kusi. Kwenye kompyuta yangu ulikwenda vizuri. Niliuacha wazi mchana kutwa, sikuona kasoro. Siku moja mdogo wangu akaufungua kwenye simu hii, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi huku anasonga ugali. Baadaye akaniita: "Kaka, mbona maji yako yanashtuka?" Nikaenda kutazama. Kweli bwana. Jahazi lilikuwa linanesa taratibu kama kawaida, lakini mng'aro wa maji ulikuwa unaganda, unaruka, unaganda tena, unaruka. Nikaufungua ukurasa upya, kasoro ikatoweka. Tukala, tukaosha vyombo, tukairudia simu: kasoro imerudi.

Nilitumia siku tatu kuisaka. Nilikagua hesabu za mawimbi mstari kwa mstari, zote ziko sawa. Kosa halikuwamo kwenye hesabu. Lilikuwa kwenye neno moja juu kabisa ya faili, neno nililolinakili kutoka faili jingine na ambalo sikuwahi kulisoma kwa makini. Ndiyo maana leo sitazungumzia hesabu za mwanga wala za vivuli. Nitazungumzia maneno madogo yanayotangulia aina ya kigeu, yaani jina linalobeba thamani ndani ya programu, katika GLSL, lugha ya sheda za OpenGL, mfumo wa kuchora kwa chipu ya michoro, na ya michoro mingi ya kwenye vivinjari. Mimi naviita vibainishi, kwa sababu kazi yake ni kubainisha.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe. Sheda ni programu ndogo inayokimbia ndani ya chipu ya michoro. Karibu kila umbo mnaloliona kwenye mchezo wa simu limejengwa kwa pembetatu. Sheda ya kwanza inakimbia mara moja kwa kila kipeo cha pembetatu na kuamua kipeo hicho kikae wapi kwenye kioo. Kisha chipu inaijaza pembetatu, na sheda ya pili, sheda ya vipande, inakimbia kwa kila pikseli iliyofunikwa, kuamua rangi yake. Chukueni kioo cha pikseli 720 kwa 1600. Hizo ni pikseli 1,152,000. Ukichora fremu 60 kwa sekunde, na kila pikseli ikaguswa mara moja tu, sheda ya pili imekimbia zaidi ya mara milioni 69 ndani ya sekunde moja.

Na kila mmoja katika hao milioni 69 yuko peke yake. Hawezi kuandika kwenye daftari la jirani, wala hakumbuki alichofanya kwenye fremu iliyopita. Anapewa alichopewa, anatoa rangi, basi.

Hapo ndipo vibainishi vinapopata uzito wake. Ukiandika programu ya kawaida, ukisema kigeu fulani ni 5, unajua 5 imetoka wapi: umeiandika wewe, hapo juu. Ndani ya sheda, kigeu kinazaliwa kikiwa na maswali. Kimetoka kwa nani? Kinabadilika mara ngapi? Nani ana ruhusa ya kukiandika? Aina haijibu hata moja. `float` inakuambia ni namba ya desimali, `vec3` inakuambia ni namba tatu zilizofungwa pamoja, `mat4` ni jedwali la nne kwa nne. Majibu ya yale maswali mengine yako kwenye neno linalotangulia.

Mliosoma sarufi mnaweza kulifananisha na ngeli. Maana ya neno "kitabu" ni jambo moja, ngeli yake ni jambo jingine. Ngeli ndiyo inayoamua kitenzi kitamkweje: kitabu kimeanguka, mtoto ameanguka. Ukisema "kitabu ameanguka", kila neno peke yake ni zima, ila sentensi imevunjika. Sheda nazo ziko hivyo hivyo. Sheda ya kwanza inaweza kupita salama kwa kompaila, programu inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine, ya pili ikapita salama, halafu ukiziunganisha zikakataana. Mwanafunzi anashangaa: mbona zote zilikubalika? Zilikubalika kama maneno. Upatanisho ndio uliokosekana.

Tuvitazame vibainishi vyenyewe, na naomba tupande daladala kidogo. Kuna jina la njia lililochorwa ubavuni: Mbagala hadi Kariakoo. Hilo halibadiliki, asubuhi wala jioni. Hiyo ni `const`: thamani inayojulikana tangu kompaila inapoisoma programu, na haiguswi tena. Kisha kuna nauli. Katika safari moja nauli ni ile ile kwa kila aliyepanda, na abiria hana mamlaka ya kuibadilisha akiwa kwenye kiti. Ila kesho inaweza kupanda. Hiyo ndiyo `uniform`. Ni sare, kama sare ya shule. Inapangwa kutoka nje, na programu yako ya JavaScript au C++, kabla ya amri ya kuchora. Uchoraji huo mmoja ukiendelea, vipeo vyote na pikseli zote zinasoma thamani ile ile, na sheda hairuhusiwi kuiandika. Halafu kila abiria ana kituo chake cha kushukia. Hiyo ni `attribute`: thamani inayotofautiana kutoka kipeo hadi kipeo, kama mahali kilipo, rangi yake, au upande uso unakotazama.

Wengi wanachanganya `const` na `uniform` kwa sababu zote mbili huwezi kuziandika ndani ya sheda. Tofauti inajitokeza ghafla ukiwa WebGL ya kwanza, mfumo wa kuchora ndani ya kivinjari. Pale kitanzi cha `for`, amri ya kurudia kazi, lazima kompaila ijue mwisho wake mapema. Ukiweka idadi ya taa kama `uniform` na kutaka kitanzi kiishie hapo, unakataliwa. Inabidi uweke ukomo wa `const`, tuseme taa 8, kisha ndani ya kitanzi uvunje safari ukifika idadi ya kweli. Jina la njia linajulikana gari likiwa gereji, nauli haijulikani mpaka konda aitangaze.

Kuhusu `uniform` kuna jambo moja linalowatesa wanaoanza, nami nimeshapigiwa simu usiku kwa ajili yake. Umetangaza `uniform`, unaulizia mahali pake kwa jina, kwenye OpenGL unarudishiwa -1. Umekagua herufi, jina ni sahihi. Kilichotokea ni kwamba umeitangaza lakini hukuitumia. Labda ile hesabu iliyokuwa ikiitumia umeizima kwa muda ili ujaribu kitu. Kompaila ikiona thamani haichangii chochote kwenye matokeo, ina haki ya kuifuta kabisa. Jina limo kwenye faili, kwenye programu halimo.

Sasa `varying`, ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Sheda ya vipeo inaandika thamani kwenye vipeo vitatu. Sheda ya vipande inaisoma mahali popote ndani ya pembetatu. Lakini katikati ya pembetatu hakuna aliyeandika chochote! Chipu yenyewe ndiyo inayochanganya: pikseli iliyo karibu na kipeo cha kwanza inapata sehemu kubwa ya thamani yake, iliyo katikati inapata theluthi theluthi. Tena inazingatia umbali, kwamba upande ulio mbali na macho unaonekana umebanana, ili picha iliyobandikwa kwenye ukuta isipinde. Unaweka nyekundu kwenye kipeo kimoja, kijani kingine, buluu kingine, unapata anga la magharibi bila kuandika mstari wa ziada. Mara ya kwanza kuona hivyo sikulala.

Lakini kuchanganya si kazi inayofaa kila kitu. Chukueni mshale unaoonyesha uso umeelekea wapi, wenye urefu 1. Kipeo kimoja mshale unatazama juu, kipeo cha pili unatazama kulia. Katikati yao chipu inakupa wastani, na wastani huo una urefu wa takriban 0.707. Mwelekeo ni sawa, urefu umepungua. Ukiutumia hivyo kwenye hesabu ya mwanga, katikati ya kila pembetatu panafifia na umbo linapata madoa. Dawa yake ni kuurudishia urefu wake ndani ya sheda ya vipande, kwa `normalize`. Neno moja, lakini lazima ujue kwamba kilichofika si kile ulichotuma.

Kuna mfano mwingine unaoonyesha hatari hii wazi zaidi. Tuseme unachora ramani ya wilaya. Kila kipeo umekipa namba ya wilaya ili sheda ya pili ichague rangi. Pembetatu moja iko mpakani, vipeo viwili ni wilaya ya 3, kimoja ni wilaya ya 7. Unaipitisha namba hiyo kama `varying`. Chipu, kwa uaminifu wake wote, inachanganya: 3, kisha 4, kisha 5, kisha 6, kisha 7. Mpakani unaona mistari ya rangi za wilaya ambazo ziko upande wa pili wa nchi. Namba ya wilaya ni jina, haina nusu. Kwa hiyo matoleo mapya yana kibainishi `flat`, kinachoiambia chipu: usichanganye, chukua thamani ya kipeo kimoja na uitumie pembetatu nzima. Kwa kawaida katika OpenGL kinachochukuliwa ni kipeo cha mwisho. Na thamani ikiwa ni ya namba nzima, lugha haikuachii hiari. Lazima uandike `flat`, usipoandika unakataliwa. Naipenda sheria hiyo, maana inakukamata mapema.

WebGL ya kwanza haina `flat`. Pale unalazimika kurudufu vipeo ili kila pembetatu iwe na vitatu vyake vyenye namba moja. Hata hapo, ukichanganya 5 na 5 na 5 unaweza kupata 4.9999, kwa hiyo ongeza nusu kabla ya kukata desimali.

Niseme kidogo kuhusu historia, kwa sababu ndiyo inayowachanganya mnapotafuta mifano mtandaoni. Maneno `uniform` na `varying` ni makongwe. Yalikuwamo kwenye lugha ya sheda ya RenderMan ya Pixar, ambayo kiolesura chake kilitangazwa mwaka 1988. Maana ilikuwa hiyo hiyo kwa kiini: thamani moja kwa uso mzima, au thamani inayobadilika unavyotembea juu ya uso. GLSL iliingia rasmi kwenye OpenGL 2.0 mwaka 2004 na maneno hayo pamoja na `attribute`. Mwaka 2008 OpenGL 3.0 ikaanza kuyaacha mawili, `attribute` na `varying`, ikaweka `in` na `out`. Upande wa simu maneno ya zamani yaliingia na OpenGL ES 2.0 mwaka 2007, na WebGL ya mwaka 2011 ikajengwa juu yake. WebGL 2 ya mwaka 2017 ndiyo iliyoleta `in` na `out` kwenye kivinjari. Kwa hiyo leo mwanafunzi anakutana na vizazi viwili kwa pamoja. Anakopa nusu ya mfano huku na nusu kule, anaanza faili na `#version 300 es`, alama ya kizazi kipya, halafu anaandika `attribute`, na kompaila inagoma.

Kwa mawazo yangu mabadiliko yale yalikuwa sahihi, ingawa yalisumbua watu. Zamani neno lilieleza kitu chenyewe, sasa linaeleza upande uliosimama. Gunia lile lile la mchele, aliyeko Mbeya anasema amelipeleka, aliyeko Dar anasema ameletewa. `out` kwenye sheda ya vipeo ni `in` kwenye sheda ya vipande. Jina lazima liwe moja na aina iwe moja, kama mzigo unavyoandikwa jina lile lile pande zote mbili. Na ukiongeza hatua nyingine katikati ya hizo mbili, maneno bado yanafaa, maana kila hatua ina cha kupokea na cha kutoa. `varying` isingeweza kubeba hilo bila kukanganya.

Maneno `in`, `out` na `inout` yapo pia kwenye vigezo, yaani thamani unazozikabidhi kazi (functions) za ndani ya sheda, na huko yana maana yake: `in` inanakili thamani wakati wa kuingia, `out` inanakili wakati wa kutoka, `inout` inafanya yote mawili. Hakuna anwani ya kumbukumbu inayopitishwa. Hilo linatosha.

Sasa turudi kwenye lile swali la mara ngapi, maana hapo ndipo simu ya bei nafuu inapookolewa au kuuawa. Nimewahi kukagua sheda ya kijana mmoja mwenye kipaji kweli. Ndani ya sheda ya vipande alikuwa anakokotoa sini ya muda, apate mdundo wa taa. Muda ni `uniform`. Sini yake kwa hiyo ni moja kwa kioo kizima, lakini aliomba ikokotolewe mara 1,152,000 kwa kila fremu. Kuna kompaila zitakazogundua na kukusaidia, nyingine hazitagundua. Tulihamisha ule mstari kwenda JavaScript, ukawa unakokotolewa mara moja, matokeo yakapelekwa kama `uniform`. Vivyo hivyo, kitu kinachotofautiana polepole juu ya umbo, kama rangi ya ukungu wa mbali, unaweza kukikokotoa kwenye vipeo 5,000 na kuiachia chipu ichanganye. Kila unapoandika kigeu jiulize kinabadilika lini, kisha ukipandishe ngazi ya juu kabisa kinayoweza kukaa.

Nafasi nazo hazina wingi mnaoudhania. OpenGL ES 2.0 inahakikishia `attribute` 8 na nafasi 8 za `varying`, kila nafasi ikibeba namba nne. Ukiwa na `vec2` mbili, zifunge ndani ya `vec4` moja. Simu nyingi zinatoa zaidi ya hapo, lakini anayefungua ukurasa wako huenda ana ile isiyotoa.

Nimefika kwenye neno lenyewe lililonila siku tatu. Juu kabisa ya sheda ya maji kulikuwa na mistari hii miwili:

`precision mediump float;`
`uniform float uMuda;`

GLSL ya simu ina vibainishi vya usahihi: `highp`, `mediump` na `lowp`. Vinasema namba ihifadhiwe kwa umakini kiasi gani. Sheda ya vipeo ina kiwango chake cha kawaida kwa namba za desimali, nacho ni `highp`. Sheda ya vipande haina. Usipoutangaza mwenyewe inakataa, ndiyo sababu kila mfano unaanza na mstari ule, na kila mtu anaunakili. Mimi nami nikaunakili.

Simu nyingi zinatekeleza `mediump` kwa namba za biti 16. Katika biti hizo, 10 ndizo zinazobeba tarakimu. Hesabuni pamoja nami. Kati ya 1 na 2, biti 10 zinagawa nafasi hiyo hatua 1,024, kwa hiyo kila hatua ni 1/1024. Safi kabisa. Kati ya 2 na 4 hatua zinakuwa nene mara mbili. Kati ya 32 na 64, hatua moja ni 1/32. Muda wangu ulikuwa unahesabiwa kwa sekunde tangu ukurasa ufunguliwe. Fremu moja ni 1/60 ya sekunde. Kwa hiyo baada ya sekunde 32 tu, fremu mbili zinazofuatana zilianza kupewa muda ule ule. Bado jicho halijang'amua. Ikipita sekunde 512, yaani dakika nane na nusu, hatua inakuwa nusu sekunde. Hapo maji yanakaa fremu 30 bila kusogea, kisha yanaruka. Ugali ulikuwa umeiva.

Na kwa nini jahazi halikuruka? Kwa sababu kunesa kwake nilikukokotoa kwenye sheda ya vipeo, ya programu nyingine, ambako muda ulikuwa `highp`. Kwa biti 32, hata ikifika sekunde 1,500, hatua bado ni 1/8192 ya sekunde. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote tatu: kimoja kinatulia, kingine kinaruka, na vyote viwili vinapokea muda ule ule.

Kwenye kompyuta kasoro haikuonekana kwa sababu `mediump` ni ruhusa, si amri. Unaiambia mashine kwamba usahihi wa kiasi hiki unakutosha. Mashine inaruhusiwa kukupa zaidi, na kompyuta za mezani kwa kawaida zinakupa biti 32 bila kukuuliza. Simu inachukua ulichoikubalia. Haikukosea. Nilikuwa nimetia saini ahadi bila kuisoma.

Tena ahadi yenyewe si mbaya. Namba za biti 16 zinabeba nusu ya mzigo, zinakula chaji kidogo, na kwenye simu nyingi zinakwenda haraka zaidi. Rangi inaishi kati ya 0 na 1, na kioo cha kawaida kinaonyesha viwango 256 kwa kila rangi, kwa hiyo `mediump` inatosha na kubaki. `lowp` nayo inahakikisha kuanzia -2 hadi 2 tu, kwa hatua za 1/256. Kwa rangi tupu inaweza kutosha. Muda, mahali, na mahali pa kusoma kwenye tekscha kubwa, yaani picha inayobandikwa juu ya umbo, hapo simameni mfikirie. Tekscha yenye upana wa pikseli 2,048, ukiisoma upande wa kulia kati ya 0.5 na 1, hatua ya `mediump` ni 1/2048, yaani pikseli nzima. Huwezi kusimama kati ya pikseli mbili, picha inakuwa na ngazi ngazi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuhamishia sehemu ya hesabu kwenye sheda ya vipeo ya maji. Nikatangaza `uMuda` huko pia. Kuunganisha kukakataa: `uniform` yenye jina moja, upande mmoja `highp`, upande wa pili `mediump`. Kitabu ameanguka. Sheria inataka zilingane, na kibainishi cha usahihi ni sehemu ya mapatano hata pale usipokiandika, kwa sababu kiwango cha kawaida cha sheda mbili hakilingani.

Ningeweza kuweka `highp` kote. Lakini kwenye OpenGL ES 2.0, `highp` ndani ya sheda ya vipande si lazima iwepo. Kuna chipu hazikuwa nayo, na unatakiwa kwanza kuulizia `GL_FRAGMENT_PRECISION_HIGH`. Ilifanywa ya lazima kwenye ES 3.0. Sikutaka ukurasa wa watoto utegemee bahati ya simu ya mzazi. Kwa hiyo nilirudi kwenye swali la mara ngapi. Mawimbi yangu ni matatu, na sini inajirudia kila mzunguko. JavaScript inahesabu kwa biti 64. Nikakokotoa humo mahali kila wimbi lilipofika, nikapapunguza pasizidi mzunguko mmoja, yaani kati ya 0 na 6.2832, nikatuma zote tatu kama `uniform vec3`. Namba isiyofika 8 katika `mediump` ina hatua ya 1/256 kwa upana wake wa juu. Jicho halioni. Mdogo wangu aliufungua tena, akaacha simu hadi usiku, maji yakaenda kama jahazi.

Maneno yataendelea kubadilika. WebGPU, kizazi kinachofuata baada ya WebGL, iliingia kwenye Chrome mwaka 2023 na lugha yake, WGSL. Huko utaandika `var<uniform>`, na badala ya `flat` peke yake utaandika `@interpolate(flat)`. Mwenye kujua maswali matatu ataizoea kwa wiki moja.

Simu hii hapa haina ule ukurasa mpya. Nimeiwekea wa zamani, wenye mistari ile miwili. Nilipoanza kusema nilitazama saa, sasa ni dakika 25 zimepita, sekunde 1,500. Tumeshavuka 1,024, kwa hiyo hatua ya muda kwenye maji ni sekunde nzima. Njooni mbele, mmoja mmoja, mliokaa nyuma mje kwanza. Tazameni jahazi, kisha tazameni maji.